Wimbo Usioingia Ndani

Bomba la mwanzi ndilo lililonyamaza kwanza.

Mzee alikuwa amelisimamisha katikati ya magoti, mdomo umezama kwenye tundu lake la juu, na kila alipovuta tumbaku maji ya ndani yaliguruma kama chungu cha maharage. Nilikuwa nimeizoea sauti hiyo tangu jioni. Basi nikasema nililosema, na ngurumo ikakatika. Mama mdogo akaacha kumenya karanga. Msichana wa jirani akainama kuchokoa makaa ambayo hayakuwa na haja ya kuchokolewa. Rafiki yangu, mwenyeji wangu na mkalimani wangu, akanitazama huku masikio yamemwiva.

Hakukuwa na la kutafsiri. Nilikuwa nimelisema mwenyewe, kwa Kichina safi, tena kwa majivuno.

"Naomba mniimbie wimbo wa mapenzi, ule mnaouimba wakati wa kupanda mpunga."

Kimya.

Mama mkwe wa mama mdogo ndiye aliyeniokoa. Alichukua chungwa kapuni, akalifuta kwa kiganja, akanipa, kisha akauliza kama kwetu Afrika kuna baridi. Mazungumzo yakarudi taratibu, kama maji yanayotafuta njia baada ya mtu kuziba mfereji kwa mguu. Bomba likaanza kuguruma tena. Mimi nikala chungwa lile kama adhabu.

Zimepita wiki saba. Kijiji sitakitaja, na mkifika mwisho mtaelewa kwa nini.

## Jinsi nilivyofika

Mnaonifuata mnajua niko Kunming, kusini-magharibi mwa China, mwaka wa pili sasa, kwa hiyo ya chuo niyaache. Likizo ya Mwaka Mpya wa Kichina ilipoingia, mabweni yakabaki matupu, na rafiki yangu mmoja wa darasani akaniambia twende kwao. Ni Mhani. Wahani ni watu milioni moja na laki sita na ushei kwa sensa ya 2010, wengi wao wakiishi milima ya Ailao, kusini mwa mkoa wa Yunnan. Jamaa zao Waakha wamesambaa hadi Laos, Myanmar na Thailand.

Wanaokuja kutazama mashamba ya Wahani kwa kawaida huishia Yuanyang, wilaya ya jirani, ambako UNESCO iliorodhesha hekta 16,603 mwaka 2013 na ambako wapiga picha husimama alfajiri bega kwa bega kungoja jua. Sisi tulikwenda wilaya ya Honghe. Basi likavuka Mto Mwekundu, ule ule unaokwenda kupita Hanoi, likatushusha Yisa, mji uliokaa juu ya kilima kikavu kama kofia, tukapanda gari dogo, tukateremka hadi bondeni. Kule chini kuna migomba na joto la kuvua sweta. Kisha tukaanza kupanda kuelekea upande wa Azhahe, na kila kona sweta ikarudi, kisha koti, kisha blanketi la rafiki yangu. Tulipofika juu ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba dereva aliendesha kwa kupiga honi.

Upande huu watu wanajulikana kwa sauti zao kuliko kwa picha. Mwaka 1995 mtafiti wa muziki kutoka Kunming alifika kijiji cha Puchun akakuta watu wanaimba nyimbo za sauti nyingi, hadi nane kwa mara moja, ambazo nje ya milima ile hazikuwa zikijulikana. Mwaka 2006 nyimbo hizo zikaingia kwenye orodha ya kwanza ya urithi wa taifa la China. Hayo yote nilikuwa nimeyasoma kabla ya safari. Nilifika nikiwa mtaalamu.

Nilichosoma hakikutaja mkwe.

## Mtoto wa mpunga

Mimi ni mtoto wa Kilombero. Nimeamia ndege, nimebebwa mgongoni juu ya majaruba kabla sijajua kutembea, na mchele wa dukani naujua kwa harufu tu kama ni wa mwaka jana. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza, ukungu ulipofunguka, sikusema "pazuri" kama watalii. Nilisema, "Nani aliyebeba udongo wote huu?"

Majaruba ya kwetu yamelala. Haya yamesimama. Yanaanza chini ya nyumba ya mwisho ya kijiji na kushuka hadi macho yanaposhindwa, moja juu ya jingine, mengine makubwa kama uwanja wa mpira na mengine madogo kiasi kwamba nyati akiingia hana pa kugeukia. Hakuna mstari ulionyooka. Kila ukingo unafuata tumbo la mlima. Kazi hii imeendelea kwa takriban miaka 1,300, kwa jembe, kwato za nyati na miguu ya watu.

Na yote yalikuwa yamejaa maji. Hilo lilinitatiza, maana mpunga ulikuwa umevunwa tangu Septemba na kupandikiza ni hadi Aprili au Mei. Kwetu jaruba lisilo na mpunga ni jaruba kavu, ng'ombe wanapita. Mama mdogo (ni mdogo wa mama yake rafiki yangu, Wachina nao, kama sisi, wana neno kwa kila ndugu, hawaokoti kila mwanamke wakamwita "shangazi") alinionyesha sababu kwa ncha ya jembe. Udongo ukikauka, ukingo hupasuka. Ufa mmoja juu, na mvua ya kwanza inakuja kulichukua shamba lako, la jirani, na la jirani wa jirani mpaka mtoni. Basi wanayafuga maji mwaka mzima. Ndani yake wanafuga samaki wadogo na bata.

Maji yanatoka msituni, juu ya kijiji. Mpangilio ni huo mlima mzima: msitu, kijiji, majaruba, mto. Mvua za kwanza zikinyesha, wanafungulia bwawa la samadi pale kijijini, na mfereji unabeba mbolea yenyewe hadi mashambani. Hakuna anayebeba ndoo. Nilimfikiria mjomba wangu na mkokoteni wake nikacheka.

Lakini kitu kilichonikalisha chini kilikuwa gogo.

Lilikuwa limelala kukatiza mfereji, jeusi, limeota ukungu wa kijani, refu kama mkono wangu. Juu yake yamechongwa mapengo matatu. La kwanza liliingiza vidole vyangu vinne, la pili vitatu, la tatu kiganja kizima na nafasi ikabaki. Maji yalifika, yakajigawa, yakaenda njia tatu bila kelele. Kila pengo ni haki ya kundi fulani la mashamba, na upana wake ulikubaliwa kwenye kikao. Yupo mlinzi wa mfereji anayepita kusafisha na kukagua, na ujira wake wa asili ni mpunga. Nikauliza, je, mtu akija usiku na kisu akaongeza pengo lake kidogo? Mama mdogo akasema neno moja, rafiki yangu akatafsiri: "Litaonekana."

Kwetu nimeshuhudia watu wakipigana mapanga kwa ajili ya mfereji. Nikalipiga gogo lile picha kumi na moja.

Nikageuka kurudi, nikakanyaga ukingo vibaya, mguu wa kushoto ukazama hadi gotini. Mama mdogo alicheka mpaka akachuchumaa. Alinivuta kwa mkono, akanikung'uta tope kama mwanawe, akacheka tena. Nadhani kicheko kile ndicho kilichoniponza. Jioni nilijiona mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani huomba anachotaka.

## Mbele ya mkwe

Rafiki yangu alinieleza usiku ule ule, kichochoroni, tukipiga mswaki kwenye bomba la nje huku meno yanagongana kwa baridi.

Nyimbo zao zina mahali pake. Zipo haba, nyimbo za wazee, zinazoimbwa ndani ya nyumba, mezani, pombe imemiminwa: asili ya dunia, safari za mababu, kalenda ya kilimo, jinsi ya kuishi na watu. Wahani hawakuwa na maandishi hadi yalipotungwa ya herufi za Kilatini mwaka 1957, kwa hiyo haba ndiyo maktaba, na wazee wenye kuzijua huimba hadi usiku wa manane. Na zipo aci. Hizo ni za mlimani na mashambani. Ndani yake mna kazi, mna utani, mna mapenzi. Aci za mapenzi haziimbwi ndani ya nyumba. Haziimbwi mbele ya wazee. Haziimbwi akiwapo mkwe, kaka, dada, yeyote ambaye macho yenu yakikutana mtaona haya wote wawili.

"Ulimwomba mama mdogo," akasema, povu mdomoni, "aimbe vile mbele ya baba mkwe wake."

Sikuhitaji maelezo zaidi. Nadhani nanyi hamhitaji. Mchukue mwanamke yeyote aliyechezwa unyago, mweke sebuleni, baba mkwe kwenye kiti chake, mgeni kutoka nje amekaa kwenye mkeka, na mgeni huyo aseme kwa tabasamu: "Mama, hebu tuimbie zile za msondo."

Ungetamani ardhi ipasuke.

Hapo ndipo aibu yangu ilipobadilika rangi. Mzungu angeniomba hivyo, ningesema hajui. Mimi nilijua. Bibi yangu alikuwa kungwi. Nimekua nikijua kwamba kuna nyimbo zenye mlango, na mlango ule una mtu anayesimama nje kuhakikisha wanaume hawapiti. Nilijua, lakini sijui kwa nini nilifikiri sheria ya namna hiyo ni yetu tu. Au pengine sikufikiri hivyo. Pengine niliona kwamba kitu kikishaandikwa kwenye orodha ya taifa, mlango wake umeshang'olewa.

## Ukingoni

Kesho yake mama mdogo alisema anakwenda kutazama bata. Jirani zake wawili nao wakakumbuka wana bata. Wa nne akaja na jembe, eti kuna ukingo unavuja. Tukatoka kijijini, tukashuka, tukapita kona ya mlima mpaka paa la mwisho likapotea nyuma yetu. Hakuna aliyeniambia kitu. Wakashuka ngazi mbili tatu zaidi, wakasimama ukingoni, kila mmoja mahali pake, hatua kadhaa kutoka kwa mwenzake. Mmoja alikuwa bado anatafuna mbegu za alizeti.

Mimi nikatoa simu.

Alianza mama mdogo, juu sana, kwa ile sauti nyembamba ya kichwani ambayo unashangaa imetoka kwenye kifua kipana vile. Ilikuwa kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Akashikilia. Nikangoja wenzake waitikie pamoja, kama ngoma zote ninazozijua: fanani, kisha waitikiaji wote nyuma yake. Hawakufanya hivyo. Wa pili aliingia mwenzake akiwa katikati ya pumzi, chini yake kidogo, kwa njia yake. Wa tatu akaja na noti moja tu, akaiacha pale kama jiwe la mtoni. Wa nne akapita juu yao wote akashuka upande mwingine.

Nikaanza kutafuta sauti kuu. Ni mazoea ya kwaya. Nimeimba sauti ya pili kanisani miaka sita, na wa sauti ya pili huishi kwa kumtegea sikio wa kwanza. Nikamfuata huyu, nikampoteza. Nikamfuata yule, nikakuta ameshaacha, anameza mate, anatabasamu, na wimbo haukupungua chochote. Walikuwa wanne, nami nilihesabu sauti tano, kisha tatu, kisha sita. Hazikukubaliana kama sauti za kwaya zinavyokubaliana. Ziligusana, zikakwaruzana, na pale zilipokwaruzana ndipo ngozi ya mgongo wangu iliposisimka. Mwangwi wa ng'ambo nao ulikuwa unaingia ukichelewa.

Maneno wanayatunga papo hapo. Rafiki yangu aliniinamia sikioni: "Anasema kuna mgeni ametoka mbali amekuja kupanda mguu wake kwenye jaruba." Wakacheka katikati ya wimbo, wimbo ukaendelea juu ya kicheko. "Anasema mguu ule ukiota..." Rafiki yangu akanyamaza.

"Ukiota, nini?"

"Siwezi kukutafsiria hiyo."

Nikaendelea kumbana mpaka leo. Hajatafsiri.

Walipomaliza hawakupiga makofi wala kungoja nipige. Yule mwenye jembe kweli alikuwa na ukingo unaovuja, akaingia majini kuuziba. Wengine wakaita bata.

## Dakika nne na sekunde kumi na mbili

Ndivyo simu inavyosema. Nilirudi Kunming nikiwa nimebeba mayai ya bata ya chumvi kumi na mbili na faili moja.

Usiku wa kwanza nikavaa spika za masikioni, nikazima taa, nikabonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamke mmoja. Mmoja. Ni yule wa noti moja kama jiwe, maana ndiye niliyesimama karibu naye, na kifaa hiki chenye akili nyingi kiliamua kwamba yeye ndiye mwimbaji na wenzake ni kelele za mazingira. Kwa mbali sana, chini ya maji, unasikia kama inzi watatu. Jogoo anasikika vizuri kuliko mama mdogo.

Nikacheka peke yangu gizani. Kisha nikakasirika.

Nimeisikiliza mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Ukiisikiliza vya kutosha unaanza kusikia ile noti inavyoegemea upande, mtu anavyoegemea mtu ambaye hayupo.

Binamu zangu kwenye kundi la WhatsApp, baada ya kuona picha za majaruba, wakaomba sauti. Mmoja akaandika, "Weka YouTube, sisi tutasambaza." Nikasema kesho. Kesho ikawa wiki. Na hapa ndipo lilipoanza kunikereketa hili jambo, maana kila upande niliokaa haukunitosha.

Upande mmoja: waliimba nikiwa nimeshika simu. Waliiona. Si watoto. Nyimbo hizi zimepandishwa majukwaani mbele ya maelfu, watafiti wamezirekodi tangu 1995, na ukifungua simu leo utawakuta wanawake wa milima ile ile wakiimba kwa video fupi, wamevaa mapambo yao ya fedha vichwani. Mimi ni nani wa kulinda mwiko kuliko wenyewe? Kuna kiburi fulani cha mgeni anayejifanya mtakatifu wa mila za watu, na nakijua kwa sababu nimekiona kwa wageni waliokuja kwetu.

Upande wa pili: walitoka kijijini. Hilo sikuliota. Walipita kona ile kwanza, wakahakikisha paa la mwisho halionekani. Kama simu ingekuwa sawa na kutokuwapo kwa mtu, si wangeimbia pale uwanjani usiku ule?

Na wa tatu, ambao sikuutaka. Bibi alifariki nikiwa kidato cha pili. Nyimbo zake hazina hata sekunde moja popote. Mlango ulifungwa vizuri kiasi kwamba hakuna kilichotoka. Ninao nusu mstari wa mahadhi, bila maneno, ninaoushtukia nikiosha vyombo. Sheria iliyozilinda ndiyo iliyozizika. Tena si kila kilichokuwa nyuma ya mlango ule ningetaka kumrithisha binti. Mengine yalifundishwa mle ambayo ni afadhali yamezikwa. Huwa nawasikia watu wakisema mila kwa sauti ya mahubiri, na najua hawakuwahi kukaa ndani.

Hata huu mwiko wa Wahani, nimeuuliza maswali. Kwa nini mwanamke atoke nje ya kijiji kizima ndipo aseme moyo wake? Lakini nikawakumbuka wale wanne, mmoja anatafuna alizeti, na sikuona watu waliofukuzwa. Niliona watu wenye mahali pao. Mzee na bomba lake hana haki ya kwenda kule. Sijui kama ni kifungo au ni shamba. Nimelala na swali hilo, nimeamka nalo.

Vijana wa kijiji wako Guangdong na Kunming, viwandani na migahawani. Walikuwa wamerudi kwa sikukuu, na usiku waliimba karaoke. Siwalaumu. Mimi mwenyewe niko wapi?

## Nikauliza

Ilinichukua wiki tano kufanya jambo la kwanza kabisa ambalo ningepaswa kufanya. Nilimwomba rafiki yangu amuulize mama mdogo: naweza kuuweka wimbo ule mahali watu watausikia?

Jibu lilirudi siku mbili baadaye, kupitia kwa rafiki yangu, tukiwa foleni ya chakula.

"Anauliza watu gani."

"Kwetu. Tanzania."

"Anasema hao sawa. Hawawajui wakwe zake."

Nikafurahi. Sahani yangu ikajazwa. Tulipokaa, akaongeza, kana kwamba ni jambo dogo: "Ila anauliza pia, huo mtandao wenu, baba mkwe hawezi kuufikia? Maana siku hizi ana simu, anashinda Douyin, TikTok ya huku, kutwa."

"Lakini si aliwahi kuimba jukwaani? Ulisema aliimba hadi mjini."

Akamuuliza na hilo. Jibu lilikuja kwa ujumbe mfupi usiku: jukwaani walivaa sare, waliimba ule uliopangwa, wa kusifu mashamba, na baba mkwe alibaki nyumbani na nyati. Huu ulikuwa na mguu ndani yake.

Basi. Mguu wangu, lakini wimbo si wangu.

Sikuuweka. Binamu zangu wamenuna, watatulia. Niliyoweza kuyaweka hapa ni haya maneno, nayo yamevuja kuliko ule ukingo.

Faili nililituma mahali pamoja tu, kwa mama mdogo, kupitia WeChat, nikaandika kwa Kichina rahisi kwamba naomba radhi, sauti yake haisikiki. Siku nzima hakujibu. Jioni ikaja sauti ya sekunde tisa, kwa Kihani. Nikaibonyeza nikiwa kwenye ngazi za bweni. Nyuma ya maneno yake kulikuwa na maji yanatiririka, na bata.

Alikuwa ametoka nje kuisikiliza.

Nikampelekea rafiki yangu. Akaisikiliza mara mbili, akacheka, na safari hii akatafsiri yote:

"Anasema ulisimama upande mbaya. Mwezi wa tano wanapandikiza, watakuwa wengi. Uje usimame katikati, humo humo majini. Na uvue viatu."